Fedha Inayokuja Yenyewe

Atokaye Sumbawanga kwenda Muze huanza safari yake katika baridi na kuimaliza katika joto. Huiacha barabara ya Mpanda pale Ntendo, akapita mashamba ya mahindi na maharage ya uwanda wa juu, kisha ghafla ardhi humkatikia miguuni. Huo ndio ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Chini yake, kiasi cha mita elfu moja, limelala Bonde la Rukwa, na siku isiyo na ukungu ziwa huonekana kwa mbali kama kipande cha bati kilichosahauliwa juani. Gari huteremka kwa kona na breki. Abiria huvua makoti mmoja mmoja. Na wafikapo Muze, wale waliokuwa wakisugua viganja asubuhi huwa wanatafuta kivuli. Juu ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Chini ni nchi ya mpunga, ufuta, samaki wa ziwani na ng'ombe wa Wasukuma waliohamia huko na mifugo yao. Ni kama nchi mbili katika wilaya moja, na habari kubwa ya wakazi wake kila masika ni ile ile: njia imepitika au haikupitika?

Mwezi wa Septemba 2025 aliteremka njia hiyo mwanamume mmoja wa miaka thelathini na minane ambaye hakuwa ameiona kwa miaka minne. Alizaliwa Muze, akasoma hapo shule ya msingi, akapanda mlima kwenda sekondari, akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta katika Chuo Kikuu, na mwishowe akaajiriwa Berlin. Kazi yake ni kusanidi programu, yaani kuandika maagizo ambayo mashine huyafuata neno kwa neno bila kuuliza sababu. Jina lake si la lazima hapa. Jirani zake wa Muze humwita Mjerumani kwa utani. Wenzake wa Berlin humwita Mtanzania bila utani wowote. Naye huitika kote kuwili.

Kampuni iliyomwajiri huziandikia benki programu za malipo, na mwaka ule ulikuwa mwaka wa jasho. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepitisha sheria mwaka 2024 kwamba benki za nchi zinazotumia yuro ziweze kupokea malipo ya papo kwa papo kuanzia tarehe 9 Januari 2025, na kuyatuma kuanzia tarehe 9 Oktoba ya mwaka huo huo: fedha itoke kwa huyu na ifike kwa yule katika sekunde zisizozidi kumi, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi. Sheria hiyo hiyo iliagiza kwamba kabla fedha haijatoka, mlipaji aonyeshwe kama jina aliloliandika linalingana na jina la mwenye akaunti. Sehemu hiyo ya jina ndiyo iliyoangukia mikononi mwake. Kwa miezi mingi alishughulika na maswali ambayo kwa mtu mwingine si maswali. Je, Müller na Mueller ni mtu mmoja? Mwanamke aliyeachika akarudia jina la kwao, apitishwe au azuiliwe? Mtu mwenye majina matatu akiandikwa mawili, ni yeye au si yeye? Alipolala aliota majina.

Hata hivyo alikuwa na jambo moja la kuwachokozea wenzake wakati wa chakula cha mchana. Aliwaambia kwamba hiki wanachokitafuta kwa sheria mwaka 2025, mama yake anacho siku nyingi katika simu ya vitufe yenye tochi kichwani, ile ambayo Watanzania huiita kitochi. Wenzake walicheka, wakidhani ni chumvi. Lakini hakutia chumvi. M-Pesa iliingia Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa Kenya, na tangu mwanzo muamala wake ulikamilika mara moja, hata usiku, hata Krismasi.

Tena aliijua historia ya chombo hicho kuliko wengi wanaokitumia, maana ni historia ya watu wa fani yake. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone, ikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, ilifanya jaribio Nairobi na Thika. Walioliongoza ni Nick Hughes na Susie Lonie. Programu yenyewe iliandikwa na mafundi wa kampuni ya Sagentia, mjini Cambridge. Nia haikuwa kutumiana fedha. Nia ilikuwa wakopaji wadogo wa shirika moja la mikopo warejeshe madeni yao kwa simu badala ya kupoteza nusu siku mkutanoni. Wakopaji hao, ambao hawakufika mia tano, walipewa simu, wakafundishwa, nao wakaanza kufanya mambo ambayo hawakufundishwa. Mmoja aliweka fedha mjini asubuhi akaitoa jioni mahali pengine ili asiporwe njiani. Mwingine alimlipia rafiki yake deni. Wengine waliwatumia jamaa zao mbali. Mafundi wa Cambridge walikuwa wametengeneza chombo cha kulipia deni. Watu wakakigeuza kuwa chombo cha kusaidiana, na waliokitengeneza walikuwa na busara ya kuwatazama na kuwafuata. Kilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lake halikusema neno juu ya mikopo. Lilisema habari ya kutuma fedha nyumbani. Na kwa miaka kadhaa, hadi 2015, mitambo iliyotunza hesabu za M-Pesa ya Kenya haikuwa Kenya. Ilikuwa Ujerumani, kiasi kwamba shilingi iliyotoka Nairobi kwenda Kisumu ilipitia kwanza nchi ambayo sasa kijana wa Muze analipa kodi ya nyumba.

Kodi ya nyumba, na mengine. Mshahara wake ungewashangaza watu wa kwao kama wangeambiwa ule ulioandikwa kwenye mkataba, na ungewahuzunisha kama wangeambiwa ule unaobaki. Kabla haujamfikia ulikwisha kukatwa kodi ya mapato, bima ya afya, pensheni na bima ya kukosa kazi. Halafu nyumba, umeme, tikiti ya treni, chakula. Vyote hivyo havikumhitaji yeye. Tarehe mosi ya mwezi benki ililipa kodi ya nyumba kwa agizo la kudumu, tarehe tatu umeme ukajichotea, tarehe tano simu. Huko Ulaya mtu anaweza kuugua mwezi mzima kitandani na madeni yake yakalipika kama kawaida. Ni jambo la raha sana, na asiyelipata kamwe asiharakishe kulicheka.

Kwa sababu ya fani yake alikuwa ametunga jedwali la fedha zake zote, kila senti na mahali pake, na jedwali hilo lilikuwa na doa moja. Doa hilo lilikuwa nyumbani. Mama yake alikuwa na desturi ya kubipu, yaani kupiga mlio mmoja na kukata, naye akampigia. Wakasalimiana. Shikamoo, marahaba. Wakaenda kwa mvua, wakaenda kwa ng'ombe waliongia shamba la fulani, wakaenda kwa msiba wa fulani na nani alifika na nani hakufika, na karibu na mwisho wa mazungumzo, kwa sauti iliyoshuka kidogo, likaja neno: bati limetoboka, au mtoto wa shangazi yako anaumwa. Kesho yake alituma. Akapiga tena: "Mama, nimekutumia kidogo." Siku zote ni kidogo, iwe elfu thelathini au laki tano. Na jibu siku zote ni moja: "Nimeiona, baba. Mungu akuzidishie." Katika jedwali, mwezi mmoja ulionyesha yuro 40, mwezi wa pili 260, mwezi wa tatu hakuna kitu, na kwa kuwa hakujua aziweke wapi, alikuwa ameziandika chini kabisa, penye safu ya Mengineyo.

Ikamwuma siku moja kuona mama yake yumo katika Mengineyo, baina ya kinyozi na zawadi za harusi za wenzake.

Hapa hapana budi kumtendea haki. Alilolifanya hakulifanya kwa kumchoka mama yake. Alilifanya kwa kuchoka kuchelewa. Mara mbili katika mwaka ule uliotangulia, neno la mama lilimkuta katika juma la kazi nyingi, akatuma baada ya siku tisa, na jambo lililokuwa liwahiwe likawa limepita. Waandishi wa vitabu vya kutunza fedha hufundisha kwamba mtu ajilipe kwanza, aweke akiba kabla ya kutumia. Yeye akaenda mbele zaidi: akaamua kumlipa mama kwanza. Akafungua safu mpya juu kabisa ya jedwali, juu ya kodi ya nyumba, akaipa jina Nyumbani, akaandika yuro 100. Akatafuta kampuni ya kutuma fedha inayokubali agizo la kila mwezi. Gharama ilikuwa nafuu; na hilo si dogo, kwani mataifa yalipatana kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma fedha kwao wahamiaji isizidi asilimia 3, na Afrika ya kusini ya Sahara hata sasa wastani wake ni zaidi ya maradufu ya hapo. Agizo likaanza Januari 2025. Kila mwezi, kiasi cha shilingi 270,000 na zaidi, kwa kadiri ya bei ya yuro, zikashuka Muze bila mkono wa mtu kuzigusa.

Alimwarifu mama. Hilo nalo lisemwe. Alimpigia mwishoni mwa Desemba, upepo ukivuma kwenye simu, akamwambia: "Mama, kuanzia mwezi ujao itakuwa inakuja yenyewe."

Mama akajibu: "Amina, baba."

Mwana akasikia kwamba amekubaliwa. Mama alisikia kwamba ameombewa. Maana katika bonde lile, jambo lijalo lenyewe ni mvua, na baraka, na mauti. Na mtoto aliye mbali akimwambia mzazi wake kwamba itakuja yenyewe, mzazi huelewa kwamba mwaka huu mkono wake ni mfupi na anamwachia Mungu. Hakumlaumu. Alimhurumia. Aliwaambia majirani kwamba huko nako mambo yamekaza.

Ujumbe wa kwanza uliingia mapema Januari. Haukuwa na jina la mwanawe. Fedha itumwayo toka ng'ambo kwa njia hizi mara nyingi hufika ikitaja kampuni iliyoipitisha, na mwenye kuipitisha hana habari na mwenye kuituma. Mama anajua kusoma. Alimaliza darasa la saba. Alilisoma jina lile la kigeni mara mbili, akaenda kwa wakala, kijana mwenye kibanda kilichopakwa rangi karibu na soko, akamwuliza hii ni ya nani. Kijana akasema ni ya kampuni, inatoka nje, labda ni ya mwanao. Mama akasema si ya mwanangu, mwanangu hupiga kwanza. Halafu akasema neno ambalo wakala alilirudia baadaye kwa kucheka, lakini halikuwa la kuchekesha: "Mimi sina ndugu kampuni."

Alikuwa na sababu za kuogopa. Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajapata kupokea ujumbe wa mtu asiyemjua ukimwambia ile hela itume kwenye namba hii. Wako waliotuma, kila mmoja akidhani anajibiwa na mtu aliyekuwa akimngoja. Wengine hupigiwa na sauti yenye adabu nyingi ikisema fedha imekosewa ikaingia kwako, irudishe. Serikali ililazimisha laini zote kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na ikazifungia zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020. Mama huyu alisimama foleni siku nzima, na mashine ikavikataa vidole vyake mara tatu, kwa kuwa jembe lilikuwa limefuta mistari yake. Usajili ulipita. Matapeli hawakwisha.

Lakini hofu haikuwa sababu yake kubwa. Sababu yake kubwa ilikuwa uaminifu. Fedha hukosea njia. Tarakimu moja ikibonyezwa vibaya, ada ya mtoto wa Mbeya huingia kwa mvuvi wa Mwanza. Mwungwana aliyeangukiwa na mali ya mtu haigusi. Hungoja. Ndivyo alivyoamua, na akamwambia wakala vivyo hivyo: mwenye nayo atapiga. Februari ikaingia nyingine. Machi nyingine. Akaona kwamba huyo mkosefu ana bidii ya kukosea, akazidi kumsikitikia.

Mtu ataweza kuuliza kwa nini hakumwuliza mwanawe. Swali hilo lina jibu rahisi kwa aliyelelewa huko, na lina jibu gumu kwa mwingine yeyote. Kumwuliza mtoto kama ndiye aliyeleta ni kumwambia kwamba, kama si yeye, basi hajaleta. Tangu Januari mama alikuwa ameacha kubipu, kwa sababu aliambiwa mkono ni mfupi. Na mwana, tangu Januari, hakuwa na sababu ya kupiga. Zamani simu zilikuwa mbili kwa kila haja, moja ya kusikia na moja ya kusema nimekutumia. Sasa haja ilikuwa imetangulizwa na kumalizwa na mashine. Alipiga Pasaka. Alipiga alipokuwa amekwama katika treni. Alimwuliza mama mambo yanaendaje, akaambiwa yanaenda. Hakuitaja fedha, kwa kuwa kuitaja aliona ni kujisifu. Adabu ya kila mmoja ilikuwa kamili, na adabu hizo mbili ndizo zilizowaziba vinywa.

Mwezi wa Juni mjukuu wake, binti wa dada wa kijana huyu, alipangiwa kwenda kidato cha tano katika shule ya bweni. Ada haidaiwi, ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, ya tano na sita ikafuata 2022. Lakini ada ikiondoka godoro halikuondoka, wala sanduku, wala shuka, wala sare, wala madaftari, wala nauli ya kupanda mlima na kuvuka mikoa miwili. Mpunga ulikuwa ndio kwanza unavunwa. Kila mkulima wa bondeni anajua kwamba wakati huo si wa kuuza. Walanguzi huja na malori na magunia ya lumbesa, yale yanayovimbishwa kichwani kwa kamba mpaka gunia moja likawa kama moja na theluthi, na bei huitaja wao. Mwenye uwezo hufunga ghala akangoja mvua, bei ipande. Asiye na uwezo huuza. Mama aliuza magunia manane ya lumbesa kwa bei ya Juni, na usiku wa siku hiyo simu yake, iliyokuwa chini ya mto wa kulalia, ilikuwa na zaidi ya shilingi milioni moja na nusu.

Hayo yote mwana hakuyajua alipoteremka Lyamba lya Mfipa mwezi wa Septemba na begi la zawadi. Alikuta mama amekonda kidogo, ghala limebaki nusu. Usiku wa pili, baada ya kula, wakati watoto wa jirani wangali wamekaa mlangoni kumtazama Mjerumani, alijipa moyo akauliza: "Mama, ile ya kila mwezi inatosha?"

"Ipi, baba?"

Akaomba kitochi. Akabonyeza nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri mbili, reli. Simu ikataka namba ya siri. Mama akaitaja kwa sauti mbele ya watoto wote, kama mtu atajaye umri wake. Na mwanawe, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akilipwa kwa kulinda siri za watu milioni nyingi asiowajua, akaibonyeza bila kusema kitu. Salio likaja: shilingi 2,511,400.

Mama akaitazama ile tarakimu kwa upole. "Hiyo si yangu," akasema. "Mwenye nayo hajapiga."

Ufipa haikuanza jana kujua mali iliyo chombo na chombo kilicho mali. Uwandani bado yako mabaki ya malungu, tanuri za udongo zilizojengwa kupita kimo cha mtu, ambamo wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa. Wakayeyusha mara ya pili katika tanuri ndogo, kisha wakafua. Kazi hiyo ilififia zama za ukoloni, majembe ya kiwandani yalipoenea. Jembe lililotoka humo lililima shamba, na jembe hilo hilo liliolea mke. Bondeni walifuma nguo za pamba, nazo zikapanda mlima kukutana na chuma. Lakini jembe la mahari halikwenda peke yake likajitupa mlangoni kwa watu. Lilikuwa na mpelekaji, na mpelekaji alikuwa na maneno, na kabla maneno hayajapokewa chuma kile kilikuwa chuma tu. Baadaye zikaja bahasha. Kwa miaka mingi fedha ya watoto walioko mijini ilipanda basi, mikononi mwa dereva au kondakta, na dereva aliposhuka alisema: fulani anakusalimu, anasema hii ni ya mbolea. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, wako waliorudia bahasha kwa muda, na si wote waliorudi kwenye simu kwa furaha. Msomaji asidhani kwamba hapa yanatamaniwa majembe au bahasha. Dereva alipotea nazo mara nyingine, na aliyechelewa njiani alichelewa pamoja na dawa ya mgonjwa. Hapa yanahesabiwa tu mambo yaliyokuwa yakisafiri pamoja na fedha: nani, kwa nini, na salamu. Simu mwanzoni haikuyavunja. Ilikuwa na sauti upande mmoja na fedha upande wa pili, na mtu akavipeleka vyote viwili. Agizo la kudumu lilibeba kimoja.

Na kijana huyu, ambaye mwaka mzima kazi yake ilikuwa jina, alikuwa amepeleka fedha miezi tisa isiyo na jina. Sheria ya Ulaya ilimtaka ahakikishe kwamba mlipaji anamjua mpokeaji. Hakuna kifungu kinachotaka mpokeaji amjue mlipaji. Mwenye kupokea kodi ya nyumba hana haja ya kujua ulikuwa unawaza nini ulipoilipa. Aliyatazama haya kwa macho ya fundi, akaona hakuna kosa lolote katika chombo. Kila sehemu ilifanya ilivyoagizwa.

Alimweleza mama usiku ule mpaka mafuta ya taa yakapungua. Umeme ulikuwa umekatika. Mama alielewa upesi kuliko alivyodhani. Lakini kuelewa hakukumaliza shauri. Alikataa kuipokea milioni mbili na nusu kwa mkupuo mmoja. Alisema fedha nyingi hivyo haiwezi kuwa ya salamu, ni kama mtu amekufa inagawanywa. Akamtaka mwanawe amwambie ile ya Januari ilikuwa ya nini. Mwana akafikiri, asikumbuke Januari alikuwa akiwaza nini. Januari alikuwa akiwaza Müller na Mueller. Akasema: ilikuwa ya matumizi. Mama akatikisa kichwa. Basi akaanza kuzitaja yeye mwenyewe, moja baada ya moja, akihesabu kwa vidole vile vilivyokataliwa na mashine. Januari ni palizi. Vibarua aliwalipa kwa kukopa. Machi ni msiba wa kaka yake, alipokwenda mikono mitupu akakaa nyuma ya wenzake. Aprili mvua ilichukua ukuta wa jiko. Juni ni ya mtoto, godoro na nauli. Alipofika Juni alinyamaza kidogo, maana hesabu ya magunia manane aliijua bila jedwali, na mwanawe akaijua kwa kumtazama. Mei hakuipatia jambo. Akasema Mei irudishwe.

Mwana hakuirudisha. Walibishana juu ya Mei siku mbili, na mwishowe ikawa ya kuezeka jiko. Deni la vibarua likalipwa. Mkoba mdogo ukapelekwa kwa mjane wa kaka yake, miezi sita baada ya msiba, pamoja na maneno marefu ya kuomba radhi ambayo mama aliyasema mwenyewe kwa miguu yake mwenyewe. Kilichobaki mama alikinunulia mpunga, kwa bei ya Septemba, ambayo ilikwisha kuanza kupanda lakini ilikuwa haijafika mbali. Magunia kumi na mawili, na akasimama juu ya mizani kuhakikisha hayana lumbesa wala upungufu, kwani sasa mnunuzi alikuwa yeye.

Kule Berlin tarehe 9 Oktoba ilipita kimya, kama zipitavyo siku ambazo mafundi wamezifanyia kazi vizuri. Katika jedwali lake safu ya Nyumbani ingali juu kabisa. Yuro 100 hutoka kila tarehe mosi bila kuuliza, lakini sasa huishia katika akaunti ya pembeni yenye jina lake mwenyewe, hapo hapo Berlin, na haivuki bahari mpaka apige simu. Mwezi mwingine huvuka yote. Mwingine huvuka thelathini. Wakati mmoja zilivuka mia tatu kwa siku moja, jedwali likawa jekundu kuanzia juu hadi chini. Anajua namna tatu za kulisahihisha na hajaitumia hata moja.

Mama amerudia kubipu. Desemba, mvua za kwanza zikipiga bati jipya la jiko kiasi cha kuwafanya wapige kelele ili wasikilizane, walianza kwa shikamoo, wakaenda kwa njia ya mlimani, ambayo ilikuwa ingali inapitika, wakaenda kwa mjukuu, ambaye alikuwa wa nne darasani. Mwana akangoja sauti ishuke. Haikushuka. Mama alikuwa anataka tu kumwambia kwamba walanguzi wamekuja mlangoni mara mbili wiki ile, wakataja bei, naye akawaambia warudi Februari.